Nilisema Paluku Alirudia Butembo

Kosa ni yangu. Naisema mbele ya yote, juu nikianza na vita na waasi mutanihurumia, na mimi sitafuti huruma. Jina yangu naificha. Ya bengine nimebadilisha, juu batoto ya ule mutu bangali bazima.

Wakati waasi balikuwa banatawala Butembo na Beni, sisi vijana kumi na mbili tulikuwa na kikundi ya kuendesha kinga. Zilikuwa baiskeli za kawaida, nzito, zile siku ya kazi tulikuwa tunabebea viazi na chumvi. Mara moja kwa mwezi, siku ya posho, ndiyo jumamosi, tulizipanguza, tukatoka asubuhi na kurudia mangaribi. Vita ilikuwa imetufunga mu muji. Ku kinga tulijiona batu tena.

Kapiteni yetu alikuwa mwalimu, nimuite Kambale. Alikuwa na sheria moja ya nguvu: kila safari, mutu moja anakuwa wa mwisho. Ule wa mwisho njo anabeba pompi na kole, gundi ya kubandika matundu, na hapana kuacha mutu nyuma yake. Mwenzake akisimama, naye anasimama.

Ile siku wa mwisho nilikuwa mimi.

Tulikutana Rughenda, karibu na uwanja wa ndege, tukashika njia ya Kipese. Kulikuwa ukungu na baridi, mukono inauma ku breki. Kipese familia moja ya parokia ilikuwa inatupikia. Mbele ya kufika kulikuwa kilima ndefu, na kwa kawaida hapo tulikuwa tunashindana. Safari iliyopita nilikuwa wa kwanza kufika juu. Basi toka asubuhi nilikuwa na hasira ya kufungiwa nyuma.

Chini ya ile kilima, pneu ya Paluku, mupira ya gurudumu, ikaisha upepo.

Paluku alikuwa jirani yangu. Ndoa yake nilisimamia mimi, ku kanisa. Alikuwa mutu wa polepole mu kila kitu, hata ku kula. Alipindua kinga, akatoa vijiko viwili vya kufungulia pneu, akaanza kutafuta tundu kwa mate; nikamupa kole. Bengine balikuwa bamekwisha kutuacha. Nilikuwa nasikia sauti zao zinapanda, na bananicheka kwa jina.

"Harakisha," nikamwambia.

"Kole inapaswa kukauka, ndugu. Nikiiharakisha itafunguka tena."

"Batafika juu bila mimi."

Akacheka. "Kwani kule juu kuko nini? Viazi na maharagi. Havitakimbia."

Nilingoja kidogo, halafu nikapanda ku kinga yangu.

"Niachie basi pompi," akasema.

"Pompi ni ya kikundi. Nitakungojea juu."

Mutasoma hiyo mara mbili. Nilimuachia tundu na kole, nikaenda na pompi. Nilijiambia kwamba nikifika juu nitashuka haraka kumuletea. Nilijiambia, tu.

Nilikanyaga kama mwenda wazimu, nikapita bengine bane. Kule juu Kambale alikuwa anahesabu batu.

"Paluku iko wapi?"

Kama ningesema ukweli, angenituma chini mbele ya bote. Nilikuwa nimechoka, harufu ya chakula ilikuwa inatoka ku nyumba.

"Amerudia Butembo," nikasema. "Pneu yake imepasuka, amesema atasukuma polepole mpaka nyumbani."

"Wewe ulimuona anarudia?"

"Nilimuona."

Tukala. Batu bakamuchekelea Paluku, ati amekimbilia bibi yake. Na mimi nikacheka.

Saa ya kurudia tulishuka kwa njia ileile. Pahali nilimuacha, hakukuwa mutu wala kinga. Nikapumua. Nikasema, kumbe amerudia kweli, uongo yangu imekuwa ukweli. Lakini mu majani, pembeni ya barabara, niliona vile vijiko viwili. Hakuna mutu wa kinga anaacha vijiko vyake. Mimi mwenyewe nilijua. Nilikanyaga nguvu zaidi, na sikumwambia mutu.

Jua ilikuwa inaingia wakati Kavira, bibi ya Paluku, alifika kwangu na mutoto ku mugongo.

"Shemeji, bwana yangu mulimuacha wapi?"

Hapo Mungu alinifungulia mulango. Kambale alikuwa amesimama karibu nami, na kama ningesema tu "chini ya kilima ya Kipese", angetuma habari ya mudomo muji nzima na asubuhi tungekuwa kule.

"Alirudia mapema," nikasema. "Alipaswa kuwa amefika mbele yetu."

Basi balimutafuta kwa barabara ya karibu na muji. Balimutafuta ku hopitali, ku kambi za basoda, mu mifereji. Na mimi nilitafuta nao, namuita kwa jina, pahali nilijua haiko. Siku ya tatu balichoka.

Halafu maneno ikaanza. Mutu aliyerudia muji na hakufika kwake, basi alikwenda kwenye alitaka. Bakasema amevuka Kasindi, iko Uganda na bibi mwengine. Baba yake aliniuliza mimi, juu nilikuwa mutu wa mwisho kumuona: "Unafikiri inaweza kuwa kweli?"

Nikasema: "Labda."

Ile "labda" njo iliua jina yake. Familia haikufanya matanga, juu mutu aliyekimbia haliliwi. Balimwambia Kavira kwamba yeye alimuchokesha bwana mpaka akatoroka. Balimutoa mu nyumba. Alirudia kwa bazazi yake Vuhovi na batoto wawili, akaanza kulima. Mama ya Paluku aliacha kukaa na bamama benzake ku kanisa, juu ya haya, mpaka akakufa.

Kikundi ikaisha. Mimi niliuza kinga.

Miaka ilipita, waasi bakaenda, bengine bakakuja. Siku moja, ku soko, muuzaji moja wa viazi wa kule Kipese alikuwa anahadisia batu namna alishikwa wakati ile, kubebeshwa mizigo na batu ya bunduki. Hakunijua.

"Balitukamata asubuhi, chini ya kilima," akasema. "Tulikuwa batano. Kulikuwa moja wa kinga, wa Butembo, pneu yake haina upepo. Balitulaza nyuma ya kilima siku mbili. Batu ya kijiji yetu bakakuja kuomba, na mukubwa wa ile batu ya bunduki akaachilia sisi bane. Ule wa kinga hapana kuwa na mutu wa kumuulizia. Alikuwa anatuambia: benzangu bako hapa juu, batashuka tu. Bakaenda naye musituni. Nilisikia kisha kwamba homa ilimushika, akashindwa kutembea, bakamuacha pale."

Siku mbili. Alikuwa nyuma ya ile kilima siku mbili, na sisi tulikuwa tunamuita mu mifereji ya Butembo.

Nilikwenda Vuhovi. Kavira alikuwa analima maharagi. Nywele yake ilikuwa imekuwa nyeupe mbele. Nilimwambia yote, nimesimama, pompi, vijiko, "labda". Hakupiga kelele. Alingoja nimalize.

"Batoto niliwaambia baba yenu alikuwa mutu mubaya," akasema. "Mutoto mukubwa alikataa kuandikwa jina ya baba yake ku masomo. Mimi mwenyewe nilimulaani, shemeji. Kila nikichoka ku shamba, nilikuwa namulaani. Na yeye alikuwa mu udongo."

Kisha akaniuliza:

"Alikuwa na njaa, wakati ulimuacha?"

"Sijui."

"Sisi hatukukunywa chai ile asubuhi. Sukari iliisha." Akashika jembe yake. "Enda. Usikuje tena hapa, na usiniletee kitu."

Nilikwenda pia kwa Kambale. Ni muzee leo. Alinisikiliza, akafunga mulango. Ku kanisa padri alinipa malipizi, nikayafanya. Hakuna kilichobadilika. Hatujui hata musitu gani.

Wewe unayesoma, kama kuko mutu ulimuacha ku njia, mu vita ao bila vita, sema leo pahali ulimuacha. Usingoje kupata maneno ya kujitetea. Bakucheke, bakutukane, bakutume urudie chini na miguu imechoka. Mutu anaweza kuwa angali anangoja pale. Mimi nilisema baada ya miaka kumi na moja, na ukweli yangu haikusaidia mutu hata moja. Kavira aliniambia, ile siku ku shamba, kwamba alikuwa analala vizuri zaidi wakati alikuwa anamuchukia Paluku.