Jioni Niliyouona Mwezi Usiokuwapo

Nikiwa na miaka minane, kazi yangu kubwa duniani ilikuwa kuwa macho ya kogo. Ndivyo tulivyomwita nyanya yetu, mama yake baba. Macho yake yalikuwa yameingiwa na ukungu mweupe, na kila mwezi ulipokaribia kuandama alinishika bega, akanigeuza magharibi na kuniambia nitafute.

Mwaka huo baba, pamoja na watu wengine, alikuwa amenunua shamba la mzungu aliyekuwa akirudi kwao, upande wa Chepsaita. Shamba likakatwa vipande, kura zikapigwa, na sisi tukapata ekari zetu kando ya kijito. Kamati ilikuwa na sharti moja: kila mtu awe amehamia kufikia Jumamosi, la sivyo kipande chake apewe mwingine, maana waliokosa walikuwa wengi na walikuwa na kelele. Karani wa kamati hakutaka maneno. Aliingia nyumbani, akagusa mafiga kwa kiganja. Yakiwa baridi, jina lako linafutwa.

Nyumba yetu ilikuwa tayari tangu Jumatano. Moto pia tulikuwa nao, tuliotoka nao kwenye nyumba ya zamani, ukifukuta ndani ya chungu kilichojaa kinyesi kikavu cha ng'ombe. Lakini moto wa kwanza wa nyumba huwashwa na mama mkubwa wa mji, na kogo alikataa. Mwezi ulikuwa umekufa, na mpya haujaonekana. Huwashi moto mpya mwezi ukiwa umekufa, alisema, labda kama unataka kuzika.

Haikuwa hadithi ya kutishia watoto. Zamani mzungu alipomfukuza kogo na watu wake kwenye malisho yao, kogo alilazimika kuwasha moto ugenini siku za giza, na kabla ya mahindi kukomaa alikuwa amezika watoto wake wawili. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na mchungaji angemcheka. Hata hivyo sikuwahi kumwona akinyoosha mkono kukichukua chungu kile kwa mama yake. Ukristo wake ulikuwa na adabu.

Basi tukalala chini ya turubai mlangoni pa nyumba yetu wenyewe. Jumatano jioni, mawingu. Alhamisi, mawingu. Majirani walipita wakituangalia kama watu waliofiwa.

Ijumaa ikafika. Jua lilizama nyuma ya wingu zito lililoziba upande wote wa Turbo. Baba alichuchumaa kando ya njia, kofia mkononi, akiutazama udongo wake, na nikaona mdomo wake ukitetemeka. Sikuwa nimewahi kumwona baba hivyo, na niliogopa kuliko nilivyoogopa kitu chochote.

"Jebet, si uangalie vizuri," kogo alisema.

"Ule pale, kogo."

"Wapi?"

"Hapo juu ya miti."

"Pembe zake zinaangalia wapi?"

"Juu. Kama za ndama."

Baba na mama waligeuka. Palikuwa na wingu tu, jeusi kama sufuria. Nilingoja kofi. Baba hakusema neno. Alisimama polepole, akaishikilia kofia kifuani kama afanyavyo kanisani, na mama akasimama kando yake. Kogo akainua mikono, akatema mate kidogo ya baraka, akaanza kusema na mwezi kwa sauti ya chini, kama mtu anayempokea mgeni wa heshima: ulikufa ukarudi, uturudishe na sisi. Nilijua hakuna kitu pale, na bado sikuthubutu kupepesa macho. Kisha kogo akakibeba chungu akaingia ndani, tukamfuata.

Asubuhi karani alikuja, akagusa figa, akaurudisha mkono haraka. "Hawa wameingia," akasema, na kwenda zake.

Jumamosi hiyo jioni upepo uliyafagia mawingu yote. Mwezi ukatokea, mnene kiasi, umeshapanda juu. Mama aliutazama kwa muda. "Huu ni wa siku ya pili," alisema taratibu. Yaani jana ulikuwapo, nyuma ya lile wingu. Nilikimbia nikamshika kogo shuka.

"Kogo, jana sikuuona. Nilidanganya."

"Najua. Baba yako alinyamaza. Nani huona mwezi akanyamaza?"

"Na ukawasha moto?"

"Niliwasha nikiogopa, mtoto wangu."

Kisha akainama. "Haya, nionyeshe sasa." Nilishika kidevu chake kwa mikono miwili, nikakigeuza mpaka mwanga ukaanguka kwenye yale macho meupe. Machozi yalimtoka, naye hakuyafuta.

Kwa miaka mingi nilijisifu kimoyomoyo kwamba mimi ndiye niliyeokoa shamba letu kwa uongo wa mtoto. Leo nina watoto wangu, na nimeelewa nilichokishuhudia. Mwanamke aliyezika wawili aliingia katika giza lile lile mara ya pili, kwa macho wazi, ili mwanawe apate mahali. Mwezi ulikuwapo, ndiyo, na bado sijui niseme nini juu ya hilo. Lakini alipovuka kizingiti na kile chungu, yeye hakujua kwamba upo.