Neno "IMEFUNGWA" limemharibu mdogo wangu kifua

Admin, ficha jina langu na la kazini. Nina miaka 36, mzaliwa wa Kibingo, Kyerwa, naishi Karagwe. Nimeajiriwa kwenye karakana ya gundi ya mbao, upande wa maabara.

Gundi yetu ina dawa ya kuikaza. Dawa hiyo ikiwa huru, mvuke wake unaharibu mapafu. Kwa hiyo tunaipika na kemikali nyingine inayoishika, isifanye kazi mpaka ikutane na joto la mashine ya kubana mbao. Sisi tunaita kuifunga. Baada ya kupika nachukua sampuli, nadondosha asidi tone kwa tone mpaka rangi ibadilike, najua kiasi gani hakijashikwa. Ikiwa salama naandika kwenye ndoo: IMEFUNGWA.

Mdogo wangu nilimwombea kazi hapo mwenyewe. Siku ya kwanza nilimwambia akiona neno hilo asiogope, asipoliona asiguse.

Mwezi uliopita niliitwa msibani Rugera, nikaacha ndoo moja sijaipima. Mtunza stoo akakaza mfuniko, akachukua chaki, akaandika IMEFUNGWA. Mdogo wangu akasoma, akafungua, akapaka mbao asubuhi nzima bila barakoa, madirisha yamerudishwa kwa sababu ya mvua. Niliporudi nikapima iliyobaki. Karibu nusu ilikuwa huru.

Nilimuuliza mtunza stoo. Akanijibu, "Ndoo si imefungwa? Ulitaka nifunge nini, mbuzi?" Wenzake wakacheka. Ukweli ni kwamba sikuwahi kumweleza maana yetu ya neno hilo.

Sasa mdogo wangu kifua kinalia filimbi. Daktari amemkataza gundi hiyo maisha yake yote. Akibeba mkungu mmoja kutoka shambani anakaa chini mara mbili. Ana mke na mtoto wa miezi minne.

Bosi ameandika taarifa kwamba mfanyakazi alipuuza maelekezo, na anataka saini yangu kama mpimaji. Nikisaini, matibabu atajitegemea. Nisiposaini, nafukuzwa, na nyumbani mwenye mshahara nimebaki mimi tu. Mama anasema nisaini, angalau mmoja abaki kazini. Mdogo wangu hajaniomba chochote. Aliniambia tu, "Dada, mimi nilisoma ulivyonifundisha."

Taarifa inatakiwa Jumatatu. Ninyi mngesaini? Nishaurini, ila msiniambie nimwachie Mungu. Saini inayotakiwa ni yangu.