Waya Pajani mwa Akiru

Nilipokuwa mdogo kwetu Lodwar, mtu akipona haraka alitiliwa shaka. Nyanya yetu, ambaye sisi Waturkana tunamwita Ata, alishikilia kwamba mchawi hakuumizi kwanza. Anakutuliza. Halafu kile kitu alichokutia mwilini kinaanza kutembea polepole kuelekea moyoni. Mimi jino likiacha kuuma nilinyamaza kimya, nisije nikatafutiwa dawa.

Dada yangu Akiru alikuwa mkimbiaji, tena si wa kubahatisha. Shule moja ya bweni ya mbali ilitaka kumsomesha bure, mradi ashinde mbio za mwisho wa muhula. Mbio zikiwa zimekaribia, msuli wa nyuma ya paja ukamkamata uwanjani, akaanguka. Baba akatupeleka Kakuma kwa shangazi, maana kule kwenye kambi ya wakimbizi kulikuwa na Mrundi mmoja, Mama Consolata, aliyewatibu wachezaji mpira kwa sindano nyembamba zisizo na dawa ndani. Alizichomeka pajani, zikasimama kama miiba. Akiru alicheka, akasema zinamtekenya. Mama Consolata alimwonya asiwe na haraka, kwamba sindano zinasaidia tu, mguu wenyewe lazima upewe nafasi. Tulirudi kwake mara kadhaa, na tulipofika nyumbani Akiru alikuwa anakimbia taratibu kandokando ya lami.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Ata alipomwona anakimbia, alilia. Ndiyo, alilia, mtu mzima, mbele ya majirani.

"Sindano zilizoingia, nani alizihesabu zikitoka?" akauliza.

Nani kati yetu angehesabu?

"Basi huo mguu hautakimbia tena. Mtaniambia."

Baba alipokwenda Kalokol kupakia samaki, Ata akamwita mzee wake wa kutoa vitu mwilini. Wanawake wawili walimkandamiza Akiru mabega, Ata mwenyewe akamshika miguu. Mzee akapasua paja kwa wembe, akachimba kwa kidole. Dada yangu alipiga mayowe mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe mzee akainua kipande cha waya chenye damu. Mimi nilikuwa nimekiona mapema katikati ya vidole vyake, kabla hajapasua kitu, na nikasema hivyo. Ata alinizaba kofi, sikio likavuma. Kisha akawaonyesha majirani ule waya, na majirani, Mungu awasamehe maana mimi sijaweza, wakapiga vigelegele.

Kidonda kikaoza. Hospitalini waliuokoa mguu, msuli wakashindwa. Mbio zilifanyika Akiru akiwa wodini, na ile nafasi ya shule ikaenda kwa msichana aliyezoea kumwona mgongo. Mtaani wakasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walimsifu Ata kwa kuona mbali! Habari zikafika Kakuma, nyumba ya Mama Consolata ikarushiwa mawe mpaka akahama. Ata alikufa akiheshimika, na kila aliyesimama kaburini alitaja onyo lake lililotimia.

Siku hizi Akiru anauza samaki sokoni Lodwar, mguu akiuburuta. Juzi binti yake aliteguka kifundo akicheza mpira. Nikasema namjua mtaalamu wa viungo anayetumia sindano kama zile, nimpeleke. Akiru akaweka kisu chini.

"Mwanangu hachomwi," akasema. "Ata alinionya. Ningemsikia mapema, mimi ningekuwa mtu leo."

Maneno ya kumjibu ninayo, nimeishi nayo miaka yote hii. Nikayameza. Mtoto tukamfunga kitambaa, basi. Niliudhika, tena niliudhika sana, lakini ningemwambia nini? Akiru anaamini aliyemlemaza ni mgeni aliyekwisha kwenda zake, na hilo linamwezesha kulala. Nikimwondolea huyo mgeni, atakayebaki ni nyanya aliyempenda kuliko sisi sote, na ndiye aliyemshika miguu.