Mpaka Uliopita Sebuleni

Sikuwa na baba. Sikuwa na viatu mpaka nilipoota ndevu. Sikuwa na cheti. Shule nilisoma ya usiku, watoto wangu wakinicheka. Kiwanja ndiyo kabisa.

Nilikuwa na mke tu.

Leo nawasimulia jinsi nilivyompoteza mara ya pili. Safari hii aliyemtoa ni mdomo wangu.

Kiwanja tulichomudu kilikuwa kando ya ziwa, nusu yake maji. Watu walituzomea: "Mtapanda nini humo, vyura?"

Mke wangu alibeba mawe kichwani, mimi nikasukuma kifusi. Mwaka hadi mwaka, maji yakarudi nyuma. Tukajenga. Alipofariki, nilimzika pale pale, juu ya mawe yake.

Majuzi serikali ikaja kumaliza ugomvi wa mipaka ya ufukweni. Mwenye kiwanja na mpimaji wanatembea pamoja, wanakubaliana mstari mmoja, wanatia saini. Maji ya serikali, nchi kavu yako. Basi.

Mpimaji alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mzee. Pamependeza hapa."

Mimi na sifa tena!

"Marahaba. Unapaona? Palikuwa maji matupu! Tumepajaza mimi na marehemu, jiwe kwa jiwe. Mainjinia wenu wangeweza?"

Kalamu yake ikasimama.

"Mzee... umesema palikuwa maji?"

"Ya kiunoni!"

Akainama. "Sheria inasema ardhi iliyojazwa juu ya maji ni ya serikali. Mpaka ni pale maji yalipofika zamani."

Akanionyesha. Mstari ulikata katikati ya sebule. Jiko, chumba cha binti yangu na wanawe, kaburi: vyote ng'ambo, upande wa serikali, vya kuondolewa.

Binti yangu aliposikia, alishika kiuno.

"Baba, ulikuwa unapimiwa kiwanja au unaposa? Kipara hapo jirani naye kajaza. Kaulizwa, kasema kazaliwa kapakuta pakavu. Mpaka wake uko majini huko, bata wanaukalia!"

Kesho yake mpimaji akarudi, akanong'ona.

"Mzee, sijawasilisha. Niandikie barua. Sema umri umekuchanganya, pamekuwa pakavu siku zote. Nitapima upya."

Binti yangu akaniletea karatasi mbio.

Nikaandika: *Pamekuwa pakavu siku zote.*

Nikaisoma. Sasa yule mama aliyeota sugu utosini, aliyelala hawezi kugeuza shingo, alikuwa akifanya nini miaka yote ile?

Nikaichana.

"Hicho ni kiburi, Baba! Mama angedanganya kwa ajili yetu, tena bila kupepesa macho!"

Kweli, angedanganya. Hapo ndipo panaponichoma.

"Mwanangu, nikisema hivyo nitakuwa nimemfuta."

"Na sisi je, unatuandika wapi?"

Alifunga mizigo yake, hakuniaga.

Wanangu mnaosoma hapa, msidanganywe kwamba ukisema kweli moyo utatulia. Kweli nayo ina wanaoilipia, na si wewe peke yako.

Nikachukua karatasi nyingine. Nikaandika kwamba palikuwa maji, kwamba aliyepageuza nchi ni mke wangu, na kwamba mpaka nimeukubali. Nikaomba jambo moja: siku ya kuhamisha kaburi lake, wasimguse. Nitambeba mwenyewe.

Nikalamba bahasha, nikaikandamiza kwa kiganja mpaka ikashika, nikaitumbukiza kwenye sanduku la posta.