Kamongo wa Darasa la Sita

Mkufunzi aliketi kwenye dawati la mwisho, akafungua faili, akaniashiria nianze. Mbele yangu walikuwa wanafunzi wa darasa la sita wanaokaribia sabini, na mezani ndoo nyeupe iliyobanwa kifuniko kwa mpira wa baiskeli. Ndani ya ndoo alikuwamo kamongo. Ndani ya faili ulikuwamo mwaka wangu mzima.

Mara ya kwanza alipokuja kunikagua pale Murungu, alinikuta nafundisha kwa kusoma daftari. Hakunigombeza. Aliandika "zana hakuna", akaniambia kwamba nikifeli na ukaguzi wa pili nitarudia mazoezi ya kufundisha mwakani, wenzangu wa chuo kule Kasulu wakiwa wameshapokea vyeti. Nilimchukia, na nilimchukia zaidi kwa sababu alisema kweli. Ukaguzi wa pili ulipoangukia somo la wanyama wenye uti wa mgongo, niliapa kwamba safari hii zana itakuwapo, tena itakuwa hai.

Nilimpata kamongo kwa mama mmoja muuza samaki sokoni Kibondo, ambaye kaka yake huvua kwenye mabwawa ya Malagarasi. Ni samaki mrefu kama nyoka, mapezi yake membamba yananing'inia kama kamba za viatu, na ana mapafu. Hilo la mapafu nilikuwa nalijua tangu shuleni. Nilishalijibu kwenye mitihani na kupewa vema. Yule mama alimtia kwenye maji ya nusu ndoo.

"Mwana wanje, usimjazie maji," alisema, akiniita mwanawe kwa lugha ya kwao. "Huyu anataka hewa."

"Ego, mama," nilimkubalia, kwa sauti ya mtu anayefundishwa kitu alichokwisha kufaulu.

Asubuhi ya ukaguzi dereva wa bodaboda alilalamika kwamba maji yanamrukia mgongoni, na kwamba hatasogea hata hatua moja mpaka nifanye jambo. Nilikuwa nachelewa. Nikajaza ndoo hadi juu ili maji yasiyumbe, nikabana kifuniko, nikafunga kwa mpira. Njia nzima nilimsikia kamongo akigonga kifuniko kwa kichwa, nami nikafurahi kwamba ana nguvu. Ofisini aliendelea kugonga, kisha akatulia. Nilisema moyoni kwamba amechoka na safari, nikaendelea kupitia andalio la somo.

Somo lenyewe lilianza vizuri. Nilichora samaki, chura, mjusi, kuku na ng'ombe, nikawaambia kwamba hawa wote ni ukoo mmoja. Zamani sana, nilisema, wenye uti wa mgongo wote walikuwa wa majini. Baadhi ya samaki walikuwa na mapafu, na mapezi yenye mifupa na nyama, na katika uzao wao wakatokea waliopanda nchi kavu. Amfibia bado wanarudi majini kutaga. Wengine wakapata yai lisilokauka, wakaweza kuishi mbali na maji. Huko ndiko walikotokea reptilia, na ndege ambao ni tawi la reptilia, na sisi mamalia tulioshika njia yetu.

"Hata wewe, mwalimu?" mmoja aliuliza.

"Hata mimi. Hata mwalimu mkuu."

Walicheka. Kalamu ya mkufunzi ilikuwa inakwenda.

"Sasa mtamwona ndugu wa wale samaki waliopanda nchi kavu," nilisema, nikafungua mpira.

Kamongo alikuwa amelala tumbo juu. Nilimgusa kwa rula, akazunguka taratibu kama gogo. Hapo ndipo nilipoelewa kile kilichokuwa kikigonga.

"Amekufa," sauti ilisema.

Binti aliyeketi mbele alinyoosha kidole. "Mwalimu, samaki anakufaje maji?"

Jibu nilikuwa nalo, na lilikuwa jibu la somo, ila lilianza na neno "nimemuua". Nyuma, kalamu ilikuwa imesimama. Niliitazama ile kalamu, nikausikia mdomo wangu ukisema, "Nilimfunika makusudi. Nilitaka muone kwamba huyu akikosa hewa anakufa hata akiwa majini, kwa sababu anapumua kwa mapafu kama ninyi."

Wote wakaandika. Binti yule naye aliandika, lakini mpaka kengele inalia hakuninyanyulia uso tena.

Mkufunzi alinishika mkono nje ya darasa. Alama alizonipa sikuwahi kuziota. Jioni ile alinisifu kwenye kundi letu la WhatsApp, akawataka wenzangu wajifunze kwangu jinsi ya kutumia zana hai, akaeleza na lile la kufunika ndoo. Niliusoma ule ujumbe mara nyingi. Nilijawa na aibu, na nilifurahi pia, siwezi kukataa.

Wiki iliyofuata mwenzangu aliyepangiwa shule ya Kasanda alinipigia simu. Alikuwa ananong'ona.

"Kamongo wako alichukua muda gani kufa? Wangu nimemfunika tangu asubuhi. Niko mbele ya darasa na mkufunzi ameshafika."

"Yuko hai?"

"Bado anahangaika humo."

"Mfungulie," nilisema. "Punguza maji, mfungulie sasa hivi. Mimi sikukusudia. Nilikosea, nikadanganya."

"Sasa nitafundisha nini?"

"Waite wasogee, waangalie. Basi."

Hakukata simu; nadhani aliitia mfukoni. Nilisikia maji yakimwagwa, viatu vikikokotwa, kisha kimya kirefu mpaka nikaogopa kwamba nimechelewa. Halafu mtoto mmoja akasema, "Huyo, anakuja juu," na mwingine, "Amevuta pumzi, nimemwona," na darasa zima likapiga kelele ya furaha ambayo mimi na zana yangu hatukuipata.

Nilibaki nimesimama ofisini, simu sikioni, nalia kwa hasira. Wanangu wa Murungu wangeweza kuona jambo lile lile. Ilikuwa ni kuacha ndoo wazi tu, na kusubiri.