Mpingo Wangu, Avoka ya Saidi

Nilipokuwa mtoto kule Alunguli, mtu akitaka kujua umri wako aliomba kuonyeshwa mti wako. Kitovu cha mtoto kikidondoka, wazazi walikifukia na kupanda mche juu yake, na tangu hapo mtoto na mti wakahesabiwa kuwa pacha. Karatasi za kuzaliwa zilikuwa mambo ya watu wa ng'ambo ya mto, mjini Kindu.

Mti wangu ulikuwa mpingo, ambao marehemu babu aliutoa msituni upande wa Pangi. Ni mti mgumu, unaokua kama usiotaka. Jirani yetu, Mama Saidi, alimpandia mwanawe avoka, yaani mparachichi. Saidi alizaliwa mimi nikiwa tayari nakimbia, lakini avoka yake ilipita paa la nyumba huku mpingo wangu ukilingana kwa urefu na bibi yangu. Sisi wenyewe tulikuwa wa kimo kimoja, tukiazimana kaptula.

Bibi ndiye aliyenilea. Alikuwa akituonya kwamba mti wa kitovu haufanyiwi hila. Ukiutumia kumficha mtu ukweli, balaa litatoka, tena litampata asiye na kosa.

Vita ilipofika, wenye bunduki walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta wavulana wa kuwabebea mizigo kwenye njia ya Kalima. Wengi waliokwenda hawakurudi. Asubuhi moja walitukuta mimi na Saidi uani tukimenya mihogo. Bibi na Mama Saidi waliwasihi, wakisema sisi bado wadogo. Mkubwa wao, ambaye kwa maneno yake tu ulijua ni mtu wa Maniema kama sisi, alisema hataki watoto watakaomlilia njiani. Akataka kuona miti yetu.

Bibi alimpeleka kwenye mpingo, akaweka kiganja juu ya shina lake, jembamba kama mchi.

"Huu njo wake," alisema. "Kitovu chake iko hapa chini."

Hakuongeza neno. Alikuwa amesema kweli tupu. Yule mtu akautikisa mti, akanitazama, akanisukuma kando. Kisha akauliza wa Saidi uko wapi. Hapakuwa na la kuficha; avoka ilionekana toka barabarani, imejaa matunda. Mama Saidi aliapa kwamba mwanawe ni mdogo kwangu, akamgeukia bibi amsaidie kusema. Bibi alitazama chini. Mimi pia nilijua, nami nikanyamaza.

Waliondoka na Saidi, mikono yake bado ina utomvu wa mihogo. Hakurudi.

Bibi hakutuonya tena juu ya miti. Watoto wengine walipozaliwa na ukoo mzima ukamwomba achague mche, alikataa. Alipokuwa mahututi alinituma nimwite Mama Saidi, na kabla sijafika mlangoni akaniambia niache.

Hivi karibuni alikuja kijana anayesomea misitu, akizunguka mtaani kupima miti. Alinieleza kwamba katika nchi za baridi mti ukikatwa unakutwa na duara moja kwa kila mwaka. Kwetu mvua haiupi mti nafasi ya kupumzika, kwa hiyo duara hazisomeki, na unene wa shina hudanganya. Ndiyo maana wanapima, wanaondoka, wanarudi baada ya miaka kupima tena. Akaukisia mpingo wangu, akasema bado kijana. Nilimwambia ni rika langu. Akaziangalia mvi zangu, akalipima shina upya.

Mchana huohuo nilikwenda kwa Mama Saidi. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Nikamwambia kwamba siku ile bibi alijua, nami nilijua. Alitwanga mara chache zaidi, ndipo akausimamisha mchi.

"Najua, mwanangu," alisema. "Nilijua siku ileile. Mimi vilevile, kama ningekuwa na muti kama ule, ningeuonyesha."

Akanisogezea kiti. Nilikuwa nimekwenda nikitegemea lawama, labda hata nikiitamani, na kiti kile kilinishinda kukikalia.

Kwa miaka mingi niliogopa onyo la bibi kama jambo la mizimu. Siku hizi nadhani mizimu haikuwamo. Wale watu walitaka mvulana wa kubeba, na nilipoachwa mimi, mzigo haukubaki chini. Bibi yangu alinipenda, nami nampenda hadi leo. Ila sijapata maneno ya kumshukuru ambayo ningeweza kuyasema mbele ya Mama Saidi.