Panya Akishtuka Hasahau

Wiki hii nilipanga foleni kwenye kaunta ya kituo kimoja cha polisi, njia ya Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo. Jina la kituo nalimeza. Mbele yangu alisimama haji mmoja, mfanyabiashara. Pikipiki yake iliibwa, ikaonekana ng'ambo ya mpaka, na bila barua ya polisi wa huku, wa kule hawampi.

Askari alikuwa amezama kwenye gazeti. "Haji, sikia! Panya iko na kitu kwa shina ya ubongo, hapa." Akajigonga kisogo. "Ikishtuka, hiyo kitu inaamsha kumbukumbu. Panya haisahau tena!"

"Na barua yangu, afande?"

"Barua gani? Mimi sijui wewe."

"Niko nakuja mara ya nne. Wewe mwenyewe uliandika."

Askari akafungua viganja viwili, vitupu kabisa. Hapo hapo mkubwa wake akaingia na sauti ya gwaride: "Barua ya haji wa pikipiki iko wapi?"

Askari aliruka hadi kofia ikaanguka. Bila hata kutazama, mkono wake ukaenda chini ya chupa ya chai, ukatoa barua. Ilikuwa imeshagongwa muhuri, tena ina duara la chai.

Wataalamu wa ubongo wasihangaike kufuga panya. Waje huku, askari wapo, na mkubwa wa kuwapigia kelele yupo.

Mkubwa alipotoka, zamu yangu ikafika. Askari akanikazia macho. "Na wewe nani? Umefika saa ngapi?"

Gazeti lililokuwa mkononi mwake lilikuwa langu. Aliliazima kwangu asubuhi ile ile.